Mchezaji wa Mia Moja Kumi na Nane

2 Februari

Mdogo wangu,

Najua umezima simu kama kawaida yako kila msimu wa mazoezi ya mashindano yako ya gemu, kwa hiyo nakufuata kwa karatasi, kama Baba alivyokuwa akitufuata alipokuwa anaoka mikate miji ya mbali. Barua angalau huwa unaisoma mpaka mwisho. Ujumbe wa simu unaujibu kwa kidole gumba, basi.

Ndani ya bahasha kuna diski ya gemu letu la kupigana, toleo la majaribio. Ofisi imetupa kila mmoja diski mbili za ndugu zake. Moja ni yako. Ya pili nimempelekea Mama pamoja na mashine yangu ya zamani, maana ameniandikia kwamba watoto wa jirani wakitoka shule hawana pa kukaa na wanamchungulia dirishani. Sidhani kama yeye ataweza hata kuiwasha, lakini watoto hawashindwi na kitu.

Kazi yako ni kucheza, halafu kuniambia ukweli. Wachezaji wa majaribio ni mia tatu, na hakuna anayeonekana kwa jina, ni namba tu. Sisi wabunifu tumekatazwa kufungua orodha ya majina ili tusipendelee watu wetu. Niambie namba yako, nijue angalau matusi ya nani ninayasoma.

Kuna kitu utakichukia, bora nikiseme mapema. Tumeweka kitufe cha mkato. Yale mapigo makubwa ambayo wewe unayatoa kwa kuzungusha kidole mara tatu kufumba na kufumbua, mgeni atayatoa kwa kubonyeza mara moja. Pigo lake litakuwa na nguvu pungufu kidogo kuliko lako. Usinijie juu kabla hujacheza. Kati ya wageni kumi wanaofungua gemu letu kwa mara ya kwanza, saba hawarudi siku ya pili. Wanapigwa na watu wa aina yako, wanafunga, wanaenda zao. Natafuta namna ya kuwabakiza wao bila kuwafukuza ninyi, na mpaka sasa kila ninachokigusa kinamuumiza mmoja.

Masikio ya Mama yamezidi kuziba. Ile kelele ya mitambo ya kufuma imemfuata mpaka uzeeni, na simu kwake sasa ni pambo. Hakuulizii, lakini kila barua yake ina mahali ambapo unaona kabisa alitaka kukutaja akaruka. Ni miaka miwili tangu tumzike Baba. Siku aliyofariki simu yako ilikuwa imezimwa, ukafika kesho yake, na hilo halikuwa kosa la mtu. Yale maneno aliyokuambia makaburini yalikuwa ya uchungu tu. Mwandikie hata mistari mitatu.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Namba yangu ni saba, kama nilivyokuandikia kwenye ile kadi siku ya kwanza. Gemu lenu nimelicheza siku kumi mfululizo, na mkono unauma vizuri.

Mpakuzi, yule mpiganaji mbeba magunia, mmemjenga sawasawa. Nimemchukua yeye siku ya kwanza na sitamwacha. Mzito, hana maringo, akikupiga umepigwa. Na ile kejeli yake baada ya kushinda, anavyojipangusa bega la kushoto, halafu la kulia, kana kwamba wewe uliyelala chini ulikuwa vumbi tu, aliyeibuni apewe likizo. Naitumia kila mara.

Sasa hicho kitufe. Miaka kumi na moja nimefundisha vidole vyangu. Nina sugu kwenye gumba ambayo daktari aliniuliza kama mimi ni fundi seremala. Halafu anakuja mtu anakula maandazi kwa mkono mmoja, anabonyeza kwa mwingine, na pigo langu linamtoka. Unaniambia nguvu ni pungufu. Dada, tatizo si nguvu. Ni kwamba hakulitolea jasho.

Na mnatakiwa mnifanyie kitu kuhusu mia moja kumi na nane. Nimempa jina, Kupe. Kila siku saa kumi jioni ananiita. Anamchagua Mfumaji, yule mama wa nyuzi, anabonyeza kitufe chenu cha mkato, anakosa, namlaza. Raundi mbili, sekunde arobaini. Ananiita tena. Namlaza. Ananiita tena. Wakati mwingine hapigi kabisa, anakuja anasimama mbele yangu kama anangoja kuambiwa kitu. Ningekuwa na roho ya kumhurumia ningemhurumia, lakini ananipotezea muda wa mazoezi, na kumkataa siwezi kwa sababu kanuni zenu za majaribio zinanikata pointi. Najipangusa mabega mara sita kwa siku kwa ajili ya mtu mmoja.

Mama nitamwandikia.

Mdogo wako, Namba Saba


3 Machi

Binti yangu,

Naitikia shikamoo yako ya mwezi uliopita, na ya mwezi huu naidai. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo nalo si la kuandikiwa barua.

Mashine yako imefika na inafanya kazi. Watoto wa jirani wanakushukuru. Wanakaa vizuri, hawapigi kelele, ingawa hata wangepiga ningejuaje. Nimeisogeza televisheni karibu na dirisha ili mwanga usiwaumize macho.

Mmoja wao ameniuliza nikuulize: mtu akitaka kujikinga na teke la chini, anabonyeza nini? Anasema anabonyeza nyuma na bado anapigwa. Na je, ni lazima kusubiri ile picha ya kuzunguka iishe ndipo umwite mtu, au kuna njia ya haraka? Ukijibu andika kwa herufi kubwa, mtoto mwenyewe macho yake si mazuri.

Nimefurahi uliponiandikia kwamba mdogo wako naye anacheza hilohilo na kwamba namba yake ni saba. Sikuuliza, ni wewe uliyesema.

Watoto wanasema wanapigwa sana humo ndani, lakini hawajali. Nakwambia hivyo kwa sababu uliandika kwamba mnahangaika kubadilisha mambo kwa ajili ya wanaopigwa. Wakati mwingine mtu anajua alichokifuata. Msibadilishe sana.

Kula. Kwenye ile picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu.

Mama yako


22 Machi

Mdogo wangu,

Umeshinda, unaweza kuvimba kichwa. Kupe wako hatakusumbua tena.

Nilimtafuta kwenye takwimu. Mia moja kumi na nane amepigana nawe mara mia mbili na kumi na mbili tangu katikati ya Februari, na hajawahi kuchukua hata raundi moja. Na wengine hapigani nao. Nilikaa mbele ya ile safu ya sifuri mpaka chai ikapoa. Mimi ndiye niliyemwahidi Msimamizi wetu wa ofisi kwamba kitufe cha mkato kitawasaidia watu kama huyu, na huyu hapa anagaragazwa mara sita kwa siku na mdogo wangu mwenyewe, ambaye juu ya hayo anamkejeli.

Nikaandika pendekezo, na limepita. Kuanzia tarehe mosi Aprili kutakuwa na ukuta. Gemu litampima kila mchezaji, na wageni watakutana na wageni, wazoefu na wazoefu. Kitufe cha mkato kitabaki upande wa wageni, kwenu hakitafanya kazi. Ninyi mtatoana jasho, wao watacheza kwa raha. Msimamizi alinipa mkono mbele ya watu, na ni mtu ambaye hata asubuhi haitikii salamu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nimelala bila kuona namba zikipita.

Umemwandikia Mama? Naona ameshikwa na hamu ya hao watoto wa jirani, anawaulizia maswali ya kiufundi kabisa. Nilimchorea rimoti nzima kwenye karatasi, kila kitufe na kazi yake, kwa herufi kubwa.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Ukuta wenu ni mzuri. Napambana na watu wa maana, jana nimepigwa na namba thelathini mara mbili na nimejifunza kitu. Mwambie Msimamizi wako kwamba wazoefu tumeridhika.

Sasa nisikilize na usicheke. Saa kumi jioni inapofika najikuta natazama ile sehemu ya kuitwa. Yule Kupe, wiki ya mwisho kabla ya ukuta, alikuwa ameanza kujikinga na teke la chini. Sijui nani alimfundisha. Siku moja alijikinga mara tatu mfululizo, na mimi, peke yangu chumbani, nikasema kwa sauti, "Haya, vizuri." Halafu nikamlaza, bila shaka. Lakini nilitaka kuona atajifunza nini wiki inayofuata.

Nimewaza labda ni mtu mgonjwa, amelala mahali, hana kingine cha kufanya. Au ni mtoto. Unaweza kuangalia kama bado anacheza? Sitaki jina. Nataka kujua tu kama yupo.

Kwa Mama nimeanza barua mara nne.

Namba Saba


12 Aprili

Binti yangu,

Leo nakuandikia jambo na utanivumilia, maana nimedanganya, na umri huu kudanganya kunachosha.

Watoto wa jirani hawajaigusa mashine yako hata siku moja. Ni mimi. Aliyekuwa na macho mabaya ni mimi, na teke la chini nilikuwa nalikula mimi.

Nilitaka kuona ni kitu gani kilichomchukua mwanangu. Nilidhani nikikiona nitakichukia vizuri zaidi. Kisha ukaniandikia kwamba yeye ni saba, nikamtafuta saba, na alipotokea nilimjua kabla hajanipiga. Anaruka mara mbili mahali pamoja kabla ya kuanza, kama alivyokuwa akiruka hapa sebuleni ana miaka tisa, nikimkaripia atanivunjia kabati. Ni yeye, binti yangu. Simu siwezi kusikia, kuandika yeye hawezi, na kumwita aje nyumbani mdomo wangu ulishindwa baada ya yale niliyomwambia makaburini, kwamba arudi kwenye michezo yake kwa kuwa ndiyo iliyomzaa. Mama anamwambiaje mtoto hivyo? Lakini humo ndani nilikuwa nabonyeza tu na anakuja. Kila siku, saa kumi.

Sikujali kupigwa. Nilikuwa najitahidi nisilale haraka ili akae kidogo.

Na alinijua. Hilo ndilo lililokuwa likinipa nguvu. Kila akimaliza alikuwa anajipangusa unga mabegani, la kushoto, halafu la kulia. Unakumbuka? Baba yako hakuwahi kuingia mlango huu na unga wa tanuri hata mara moja, alikuwa akisimama pale kizingitini akijipangusa hivyohivyo, na hapo ndipo nilipojua mtu wangu amerudi. Nikasema, mwanangu hawezi kuandika lakini ananiambia kwamba amefika. Mara mia mbili ameniambia.

Sasa tangu tarehe mosi namwita haji. Inaniletea watu wengine, wapole, juzi nimemshinda mmoja sijui hata ni nani. Simtaki. Jana nimemwita saba mara sitini na moja, nimehesabu, na maandishi yanasema mchezaji huyu hapatikani kwako. Nimemkosea nini tena? Kama ni kwa sababu nilijifunza kujikinga, mwambie nitaacha.

Mama yako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini. Nimeweka humu barua ya Mama, nimeinakili neno kwa neno kwa sababu ile yenyewe siwezi kuitoa mkononi. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Sasa umejua Kupe ni nani.

Mimi nimelia chooni ofisini, nikanawa uso, nikarudi mezani nikalia tena. Nilijenga ukuta kumlinda mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mama yangu, na niliyemkinga dhidi yake ni mtoto wake. Kwenye takwimu zetu kuna safu ya nani ameshinda, nani ameshindwa, kwa sekunde ngapi. Hakuna safu ya kuonyesha anayemshinda mtu ni nani wake, na kwa nini kesho anarudi. Nilidhani kila anayepigwa anateseka.

Na kuna jambo la pili, ambalo sijamwambia mtu. Ile kejeli ya Mpakuzi niliichora mimi. Ofisi ilitaka dharau ya kuudhi, nikakaa siku tatu bila wazo, halafu mkono ukachora wenyewe. Nilipomaliza nikaona ni Baba pale mlangoni. Niliona haya, nikakaa kimya, wakaipenda, ikapita. Kwa hiyo Mama hakukosea alichokiona. Alikosea tu kudhani ni wewe uliyekuwa unasema.

Nimemwendea Msimamizi nikamwambia ukuta wangu una kasoro. Aliniuliza kama nina homa. Lakini amekubali mlango: wawili wanaojuana kwa namba, kila mmoja akiridhia, wataweza kuitana kuvuka ukuta, na mgeni ataruhusiwa kitufe chake cha mkato. Utakuwa tayari tarehe tano Mei.

Lakini mdogo wangu, usiusubiri. Basi la kwenda nyumbani lipo kila siku.

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Nimesoma. Nimesoma barua zote mbili, mara nyingi.

Nilikuwa namwita Kupe.

Fungua huo mlango. Nitakuwepo kila siku saa kumi, nitacheza naye mpaka yeye achoke, nitajipangusa mabega mpaka yachubuke. Kwenda siwezi. Usiniulize. Yapo mambo ya siku ile ambayo wewe huyajui, na nikimtazama usoni atayaona. Na usimwambie kwamba sikuwa najua ni yeye. Nakuomba hilo tu.

Mdogo wako


2 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo, na ile ya Machi uliyonidai hii hapa, shikamoo mara ya pili.

Hujamkosea mtu. Saba hakukufungia. Ni mimi niliyefunga. Niliona mchezaji mmoja anapigwa kila siku, nikamwonea huruma bila kumuuliza, nikajenga kitu katikati yenu. Nimeomba radhi kwa Msimamizi, lakini radhi yenyewe ni yako, Mama. Nisamehe.

Tarehe tano, saa kumi, bonyeza alama mpya yenye picha ya mlango, halafu andika saba. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Na usiache kujikinga. Nimeambiwa na mtu anayejua kwamba unajikinga vizuri.

Binti yako


15 Mei

Dada,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, kwenye meza ya jikoni, na Mama ananiangalia kama nitakosea tahajia.

Tarehe tano saa kumi aliniita. Nikaitika, nikaruka mara mbili kama mjinga, halafu nikashindwa kumpiga. Vidole viligoma. Naye hakupiga. Tulisimama, Mpakuzi na Mfumaji, mpaka muda wa raundi ya kwanza ukaisha. Ya pili vilevile. Raundi ya tatu, zikiwa zimebaki sekunde chache, akabonyeza kitufe chako cha mkato, nikaanguka. Ndiyo, Mama amenishinda, na utaiona kwenye takwimu zako. Nilikaa nikitazama Mfumaji amesimama juu yangu, nikajua mlango wako nitaugeuza maficho. Nikafungasha begi.

Nilipofika alifungua mlango, akanitazama kutoka juu mpaka chini, na neno lake la kwanza baada ya miaka miwili lilikuwa, "Uliniachia. Usirudie." Akaingia ndani, nikamfuata. Alitaka nimwonyeshe palepale kwamba naweza kumpiga kwa haki. Nilimpiga kwa haki mara tano. Aliridhika.

Halafu nikamwambia. Na wewe nakwambia sasa, maana nimekudanganya pia. Siku ile Baba alipofariki simu yangu haikuwa imezimwa. Ujumbe wa Mama uliingia kabla ya pambano la mwisho. Niliusoma, nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikacheza. Sikuwa nataka kombe, Dada. Nilijua nikiinuka kwenye kile kiti itakuwa kweli. Nikashinda. Lile kombe sijawahi kulitoa kwenye karatasi yake.

Nilimwambia hivyo nikiwa natazama sakafu. Akasema, "Inua uso, sioni midomo yako." Nikainua, nikasema tena, kwa sauti ndogo. Akashika nusu tu. Akauliza, "Kabla ya pambano la nani?" Kwa hiyo ile sentensi ambayo miaka miwili sikuweza kuisema hata nikiwa peke yangu, niliisema mara ya tatu kwa kupaza sauti, neno moja moja, na nje jirani aliyekuwa anafagia akaacha kufagia.

Mama akasema, "Najua. Simu ilinionyesha kwamba umesoma. Makaburini sikukukasirikia kwa kucheza. Nilikasirika kwa sababu ulinitazama usoni ukaniambia imezimwa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe, na kwamba alipochoka kungoja ndipo akaiwasha ile mashine. Halafu akanishika hivi vidole vyangu vyenye sugu. Akasema, "Nilipomaliza kukutumia ule ujumbe nilikaa kwenye cherehani nikamalizia upindo wa pazia la watu. Baba yako yuko chumba cha pili, na mimi nashona pazia. Mstari umenyooka kabisa, ukitaka nikuonyeshe nyumba lilipo. Sikujua mikono niipeleke wapi. Kwa hiyo mimi nikulaumu nini?"

Nimelia, Dada. Nimelia kama mtoto, na yeye alilia, na kwa kuwa hasikii analia kwa sauti kubwa ajabu.

Nilimwambia pia kwamba sikujua mia moja kumi na nane ni nani. Ulininyamazia nilipokuomba, asante, lakini sikutaka uongo mwingine humu ndani. Akauliza nilikuwa namwita nani basi. Nikamwambia. Amecheka mpaka ameshika goti.

Sijui nitakaa siku ngapi. Hajaniuliza, na mimi sijasema.

Mdogo wako


21 Mei

Binti yangu,

Leo sina mengi. Mdogo wako ametengeneza bomba la jikoni vibaya, ikabidi aje fundi atengeneze kosa lake. Amekula sahani mbili. Anasema msimu wa mashindano unaanza mwezi ujao, nami nimemwambia aende, mashindano ni kazi yake, ila aage mlangoni kama watu.

Usihangaike tena na ukuta wako. Ulinilinda kwa mapenzi, na wako watu watakaouhitaji. Yule mpole niliyemshinda Aprili amenitafuta akanishinda naye, nikafurahi kwa ajili yake. Tunaendelea.

Sasa hivi ni baada ya chakula cha mchana na mdogo wako amelala kwenye kochi, miguu imetokeza nje kwa sababu kochi halikununuliwa kwa ajili ya urefu huo. Jirani alikuja kuazima mkasi, akasimama mlangoni akacheka, akaniashiria kwa mkono kwamba kijana anakoroma mpaka kwake anasikia. Mimi sisikii, unajua. Basi alipoondoka nilivuta kiti, nikaweka mkono wa kushoto kwenye ubao wa mgongo wa kochi, na kweli, unatetemeka, unatulia, unatetemeka.

Nimekaa hapa saa nzima. Kwa hiyo usinicheke kwa mwandiko huu. Karatasi haina wa kuishikilia, inateleza, na ule mkono mwingine sitaki kuutoa.

Mama yako